Hewa Ikilia Tumboni, Imethibitisha Nini?

Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu matibabu ya watoto hospitalini ni kitabu ninachokiheshimu. Toleo la kwanza lilitoka 2005, la pili 2013, na kazi yake ni kumsaidia daktari au nesi aliye kwenye hospitali ndogo, isiyo na bingwa wala mashine nyingi, afanye uamuzi wa maana hata saa nane za usiku. Nyuma huko, kwenye kiambatisho cha taratibu za vitendo, kuna maelezo mafupi ya jinsi ya kumwekea mtoto mpira wa puani wa kulishia, ule ambao wodini wengi huuita NG tu. Leo nataka tuyasome maelezo hayo kwa makini. Ndani yake kuna sentensi moja ambayo kwa maoni yangu haikupaswa kufika toleo la pili, na sababu zake zinamfaa hata mtu ambaye hajawahi kuushika mpira huo.

Nikiisema kwa maneno yangu, sentensi hiyo inaelekeza hivi: ukivuta kwa sirinji na usipate majimaji ya tumboni, sukuma hewa kwenye mpira huku umeweka stetoskopu juu ya tumbo, usikilize. Ukisikia hewa ikilia ndani, basi mpira uko mahali pake.

Swali langu ni moja tu. Hewa ikilia, imethibitisha nini hasa?

Mpira unapita wapi

Tuanze na ramani. Mpira unaingia tundu la pua, unapita nyuma ya pua, unashuka kooni. Pale kooni kuna njia panda. Nyuma kuna umio, njia ya chakula, ambayo muda mwingi imejifunga. Mbele kuna bomba la hewa, ambalo liko wazi muda wote kwa sababu tunapumua muda wote. Tunapomeza, kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa na umio unafunguka. Ndiyo maana nesi humwambia mgonjwa "meza, meza" wakati anasukuma mpira.

Sasa mfikirie mgonjwa asiyeweza kumeza: mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali, mzee aliyepata kiharusi, mtu aliye kwenye dawa za usingizi. Hao ndio wanaohitaji mpira kuliko wengine wote, na hao hao ndio ambao njia panda ile haina askari. Tunazoea kufikiri kwamba mpira ukiingia njia ya hewa mgonjwa atakohoa na kubadilika rangi. Aliye macho mara nyingi atakohoa. Aliyezimia anaweza kulala kimya huku mpira mwembamba umefika kwenye pafu, na mara nyingi huwa pafu la kulia kwa sababu tawi lake la njia ya hewa ni pana na limenyooka zaidi.

Mpira kuingia mapafuni wenyewe si lazima uue, ingawa unaweza kutoboa pafu. Kinachoua zaidi ni kile kinachofuata, yaani maziwa, uji au dawa kumiminwa humo.

Ukurasa umepatia wapi

Haki itendeke. Maelezo ya WHO yanaanza vizuri. Yanataka upime urefu wa mpira kwanza na kuuwekea alama. Yanataka uvute majimaji kabla ya kufanya lolote. Yanasema chakula kishuke chenyewe kwa uzito wake kutoka kwenye sirinji isiyo na kisukumizi, badala ya kusukumwa kwa nguvu. Tena yanatoa agizo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa ukutani: ukiwa na shaka yoyote juu ya mahali mpira ulipo, utoe na uanze upya.

Tatizo ni kwamba shaka haijileti yenyewe. Inaletwa na kipimo kinachoweza kukwambia "hapana". Na hapo ndipo ukurasa unapoyumba, mara tatu.

Kosa la kwanza: kipimo cha urefu

Ukurasa unaelekeza kupima kutoka puani hadi ndewe ya sikio, halafu hadi kwenye chembe cha moyo, pale ncha ya mfupa wa kifua inapoishia. Ndivyo wengi walivyofundishwa. Lakini tafiti zimeonyesha kwamba kipimo hiki mara nyingi ni kifupi. Ncha ya mpira inaweza kubaki kwenye umio, au ikaishia mlangoni mwa tumbo. Kwa watoto wapo watafiti wanaopendekeza kupima hadi katikati ya chembe cha moyo na kitovu.

Sentimita chache zina uzito gani? Matundu ya mpira yakibaki kwenye umio, chakula kinaweza kupanda na kuingia njia ya hewa. Na zaidi ya hapo, mpira mfupi haufiki kwenye majimaji. Ukivuta, hupati kitu. Yaani hatua ya kwanza ya ukurasa inachangia kukupeleka kwenye sentensi ile ninayoilalamikia.

Kosa la pili: litmasi

Majimaji yakipatikana, ukurasa unasema yajaribiwe kwa karatasi ya litmasi ya bluu: ikigeuka pinki, ni asidi, ni tumbo. Wazo ni zuri ila chombo ni butu.

Kumbuka somo la kemia la sekondari. Kipimo cha pH kinakwenda kwa ngazi za mara kumi. Majimaji yenye pH 4 yana asidi mara 100 kuliko yenye pH 6. Tumbo lenye njaa mara nyingi huwa na pH kati ya 1 na 3. Majimaji ya njia ya hewa mara nyingi huwa 6 au zaidi. Pengo ni kubwa, kwa hiyo kutenganisha hizi mbili kusiwe kazi ngumu, sivyo?

Ndiyo, kama chombo chako kinaweza kusoma namba. Litmasi haisomi namba. Inabadilika taratibu kati ya takriban 4.5 na 8.3, na hapo katikati inatoa rangi ya zambarau ambayo mtu mmoja ataiita bluu na mwingine ataiita pinki, hasa kwenye mwanga wa taa ya wodini. Eneo ambalo litmasi haina uhakika ndilo lile lile tunalohitaji uhakika. Uingereza iliacha kuitumia kwa kazi hii kwa sababu hiyo, ikahamia kwenye vipande vya karatasi vinavyosoma pH kwa namba, na kiwango cha kuruhusu kulisha ni 1 hadi 5.5.

Hata pH haina miujiza. Mgonjwa anayemeza omeprazole, au aliyetoka kunywa maziwa, anaweza kuwa na tumbo lenye pH 6. Ila angalia kosa hilo linaegemea upande gani. Karatasi inasema "sijui" wakati mpira uko salama. Utachelewa na utasumbuka, lakini hujamimina uji kwenye pafu la mtu.

Kosa la tatu: sentensi yenyewe

Sasa tufike kwenye hewa. Ukisukuma hewa kwenye mpira wowote ulio ndani ya mwili, italia. Italia ikiwa tumboni, italia ikiwa kwenye umio, na italia ikiwa sehemu ya chini ya pafu. Sehemu hiyo ya pafu imekaa juu ya kiwambo, na tumbo liko papo hapo chini yake. Sauti haikomei kwenye kiwambo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Inapita, na stetoskopu iliyo juu ya tumbo inaipokea.

Hili halikugunduliwa jana. Norma Metheny, profesa wa uuguzi wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza mipira hii, alichapisha utafiti wake kuhusu njia ya kusikiliza mwaka 1990, na matokeo yalikuwa kwamba masikio hayawezi kutegemewa kutofautisha mpira ulipo. Uingereza ilitoa tahadhari ya kitaifa dhidi ya njia hiyo mwaka 2005, mwaka ule ule ambao toleo la kwanza la kitabu chetu lilitoka. Toleo la pili lilikuja miaka minane baadaye, na sentensi bado imo.

Kwa nini basi njia hii inapendwa hivyo? Kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Na hapa naomba tushuke kwenye hesabu ndogo, maana ndiyo moyo wa jambo lote.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2011, yaliyokusanya mipira myembamba 9,931 iliyowekwa bila kuona inakokwenda, yalikuta 187 imeingia njia ya hewa. Hiyo ni karibu 2 kati ya 100. Sasa tuseme nesi ameweka mipira 100. Mipira 98 imefika salama, 2 iko mapafuni. Anasukuma hewa mara 100 na anasikia mlio mara 100. Mara 98 mgonjwa anakula bila shida. Ukimuuliza nesi huyo, atakwambia kwa dhati kabisa kwamba njia yake ni ya kuaminika, ameitumia miaka yote. Na wanafunzi wake watairithi.

Lakini mlio haukuchangia chochote kwenye zile 98. Sifa ni ya mkono wa nesi, uliouweka mpira vizuri. Mlio umejipachika kwenye kazi ya mtu mwingine, kama abiria anayedai ndiye aliyeendesha basi. Jambo pekee tulilokuwa tunahitaji kutoka kwake ni kutuonyesha zile 2, na kwenye zile 2 alisema "ndiyo" kama kawaida yake. Kipimo kinachosema "ndiyo" kwa kila kitu hakijapima kitu.

Kuna ubaya zaidi. Ukurasa hausemi usikilize hewa kwa kila mgonjwa. Unasema usikilize pale majimaji yanapokosekana. Inaonekana kama tahadhari, kumbe ni kinyume chake. Tuendelee na mipira yetu 100. Tuseme kati ya ile 98 iliyo salama, 60 ilitoa majimaji yenye asidi (namba ya 60 nimeiweka kwa ajili ya mfano tu). Hiyo imeshathibitishwa, iweke pembeni. Imebaki 38 iliyo salama pamoja na ile 2 ya mapafuni, maana pafu halitoi asidi ya tumbo. Jumla 40. Mwanzoni hatari ilikuwa 1 kwa 50. Sasa, kwenye kundi hili lililobaki, ni 1 kwa 20. Hatari imepanda zaidi ya mara mbili, na hapo hapo ndipo ukurasa unapotupatia kipimo kilicho dhaifu kuliko vyote.

"Lakini hali halisi..."

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki. Nesi mmoja yuko na watoto wengi zamu ya usiku. Eksirei imefungwa mpaka asubuhi, au haipo. Karatasi za pH zimekwisha tangu mwezi uliopita. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anatakiwa kulishwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na asipolishwa sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi imuue. Kusubiri nako kunaua. Mwandishi wa ukurasa ule alikuwa anamfikiria nesi huyu, na simlaumu kwa hilo.

Ninachomlaumu ni kwamba alimpa nesi huyu faraja badala ya msaada. Kulikuwa na mambo ya kumwambia kabla ya kufika kwenye stetoskopu, na hayahitaji mashine. Mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto ili majimaji yakusanyike pale ncha ilipo, kisha vuta tena. Sukuma hewa kidogo, mililita 1 hadi 5 kwa mtoto na 10 hadi 20 kwa mtu mzima, kwa lengo la kuibandua ncha iliyojibana kwenye ukuta wa tumbo, halafu vuta. (Ndiyo, ni hewa ile ile, ila safari hii hatuisikilizi.) Sogeza mpira mbele au nyuma kidogo. Subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Mara nyingi majimaji yatapatikana.

Na wakati unasubiri, kitabu hicho hicho kina njia ya kumkinga mtoto aliyepoteza fahamu dhidi ya sukari kushuka: kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa kwa maji chini ya ulimi, huku glukosi ya kwenye mshipa ikitayarishwa. Ni kurasa mbili za kitabu kimoja ambazo hazijasalimiana.

Kuhusu karatasi za pH, hicho si kifaa cha anasa. Ni vipande vya karatasi. Hospitali inayoweza kununua litmasi iulizwe kwa nini isinunue karatasi inayosoma namba.

Wanaosema "tupeni eksirei" nao wasikie

Upo upande mwingine unaoamini kwamba suluhisho ni mashine. Wao wasome yaliyoikuta Uingereza. Tahadhari ya 2005 ilitolewa baada ya vifo 11. Njia ya kusikiliza hewa ikakatazwa, pH na eksirei zikawekwa mbele. Kisha ripoti ya 2011 ikahesabu matukio yaliyoripotiwa tangu Septemba 2005 hadi Machi 2010: vifo 21 na visa 79 vya madhara. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa eksirei kusomwa vibaya, matukio 45, na vifo 12 kati ya vile 21. Picha ilipigwa, mpira ulionekana kwenye pafu kwa mtu anayejua kutazama, na aliyeitazama hakujua.

Hata baada ya hapo, kati ya Septemba 2011 na Machi 2016, England iliripoti matukio mengine 95 ya chakula au dawa kuingizwa njia ya hewa, na wagonjwa 32 kati ya hao walifariki, ingawa si kila kifo kilithibitishwa kuwa kilitokana na mpira. Kwa nchi iliyotumia mipira zaidi ya milioni 3 katika kipindi hicho ni wachache. Kwa familia hizo 32 neno "wachache" halina maana.

Kwa hiyo eksirei nayo inahitaji maswali yake. Je, mpira unashuka katikati ya kifua ukifuata umio, bila kujipinda na matawi ya njia ya hewa? Je, unapita moja kwa moja pale bomba la hewa linapogawanyika, bila kufuata tawi lolote? Je, unavuka kiwambo katikati? Je, ncha iko chini ya kiwambo upande wa kushoto, na inaonekana waziwazi? Manne yote yajibiwe "ndiyo", na jina la aliyejibu liandikwe kwenye faili. Ona tofauti na mlio wa hewa: kila moja ya maswali haya linaweza kujibiwa "hapana".

Ukurasa ningeuandika hivi

1. Pima urefu, andika sentimita zilizopo puani. Kwa watoto usiishie kwenye chembe cha moyo bila kufikiri.
2. Mgonjwa aliyevunjika fuvu upande wa chini au mifupa ya uso asiwekewe mpira kupitia puani bila bingwa. Mpira umewahi kuingia kwenye ubongo.
3. Usipitishe kitu chochote kwenye mpira kabla ya kuthibitisha, hata maji ya kusuuza.
4. Vuta majimaji, soma pH. 1 hadi 5.5, lisha. Andika namba, usiandike "sawa".
5. Hakuna majimaji? Ubavu wa kushoto, hewa kidogo, sogeza, subiri, vuta tena.
6. Bado hakuna, au pH iko juu? Eksirei kwa maswali manne.
7. Huna pH wala eksirei? Usilishe kwa sababu umesikia mlio. Linda sukari, muite mkubwa wako wa zamu, na uamuzi wowote utakaofanywa uandikwe pamoja na jina la aliyeufanya na sababu yake.
8. Kagua upya kabla ya kila mlo, na kila mara mgonjwa akitapika, akikohoa sana, au alama ya puani ikisogea.

Namba 7 haifurahishi, najua. Haimpi nesi uhakika ambao hanao. Lakini inahamisha mzigo kutoka kwenye sikio la mtu mmoja saa nane usiku na kuupeleka kwa wakubwa wenye uwezo wa kununua karatasi. Faili zikionyesha mara kumi kwa mwezi kwamba mtoto alicheleweshewa chakula kwa kukosa karatasi ya pH, mganga mkuu ana hoja ya kwenda nayo kwenye bajeti. Faili zikiandikwa "hewa imesikika", hana hoja yoyote. Kila kitu kinaonekana sawa.

Kwa wewe msomaji ambaye si wa fani ya afya na una ndugu wodini mwenye mpira puani: una haki ya kuuliza kwa heshima, "Dada, pH ilisoma ngapi? Na alama ya puani iko sentimita ngapi?" Usiusukume wala kuuvuta mpira mwenyewe, na usimimine chochote. Ukiona alama imesogea, mwite nesi kabla ya mlo unaofuata.

Na kwa wenzetu wanaofundisha uuguzi na udaktari: kama orodha yenu ya mitihani ya vitendo bado inampa mwanafunzi alama kwa kusukuma hewa na kusikiliza, iondoeni alama hiyo. Mpeni yule atakayesimama mbele ya mtahini na kusema, "Sijapata majimaji, kwa hiyo silishi bado."